Chumba cha Kusikilizia: Sauti, Sebule na Lugha katika Wilaya za Ngara na Biharamulo

1.0 Utangulizi

Wanahistoria wa Kiswahili wameandika mengi kuhusu njia zilizoipeleka lugha hii bara: misafara, shule, makanisa, misikiti, majeshi na masoko. Mahali pamoja hupitwa haraka, napo ni chumba cha nyumbani ambamo chombo cha sauti kimewekwa juu ya meza na watu wameketi kukisikiliza. Mhadhara huu unakichunguza chumba hicho katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Unauliza kilipangwaje, mtambo uliowekwa humo uliundwaje, na ni lugha ipi iliyosema kutoka katika mtambo huo.

Katika nchi zenye viwanda, tangu miaka ya 1950, wapenzi wa muziki wameuita mtambo bora wa nyumbani kwa jina la hi-fi, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya uaminifu mkubwa kwa sauti ya asili. Chumba cha mtambo huo hupangwa kwa ajili ya msikilizaji mmoja. Spika mbili huwekwa mbele yake, naye huketi kwenye ncha ya tatu ya pembetatu, na kila kitu, kuanzia zulia hadi pazia, hupangwa ili sikio lake lisidanganywe. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba chumba cha kusikilizia cha Ngara na Biharamulo kilifuata kanuni nyingine. Kilipangwa kwa ajili ya wengi, na uaminifu uliotafutwa humo haukuwa tu wa ala na sauti ya mwimbaji. Ulikuwa pia uaminifu wa chombo kwa msikilizaji wake: je, chombo hiki kinasema nami, na kinasema kwa lugha ipi?

Kitenzi chenyewe kinatoa mwanga. Kiswahili hutofautisha kusikia na kusikiliza: mtu husikia hata asipotaka, lakini husikiliza kwa kukusudia. Kitenzi hicho kikinyambuliwa katika kauli ya kutendana hupatikana kusikilizana, neno lenye maana mbili kwa pamoja: kupeana masikio na kuelewana. Lugha za jirani zina mwenendo kama huo. Katika Kinyarwanda na Kirundi, shina -umva hubeba maana ya kusikia, kuhisi na kuelewa, na likinyambuliwa kuwa -umvikana huwa na maana ya kupatana. Kwa wasemaji wa lugha hizi, basi, usikivu una mwelekeo wa kijamii uliokwisha kujengwa ndani ya msamiati wenyewe.

2.0 Mahali na Masafa

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Ndani yake mna maeneo mawili ya kihistoria, Bugufi na Bushubi. Bugufi ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi kabla mipaka ya wakoloni haijaitenga. Lugha zake kuu ni Kihangaza na Kishubi. Biharamulo, iliyo mashariki, ina wasemaji wa Kishubi, ambacho huitwa pia Kisubi, pamoja na wa Kizinza, Kisumbwa na, kwa wingi unaozidi kukua, Kisukuma. Malcolm Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu, aliviweka Kishubi na Kihangaza katika kundi la D60, kundi moja na Kinyarwanda, Kirundi na Kiha. Mhangaza na Mrundi huelewana bila mkalimani. Kiswahili, kwa upande wake, kilifika huko kikiwa lugha ya ugeni: lugha ya boma, ya shule na ya soko.

Umbali una uzito katika historia hii. Kutoka Ngara hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Kutoka Ngara hadi Kigali hazifiki kilomita 100, na hadi Bujumbura hazifiki 200. Aidha, Dar es Salaam iko upande wa kusini-mashariki na Kigali upande wa kaskazini-magharibi, hivi kwamba miji hiyo miwili na Ngara iliyo katikati inakaribia kuwa kwenye mstari mmoja. Redio iliyogeuzwa ubavu wake mrefu kuikabili Dar es Salaam huwa imeikabili Kigali kwa ubavu wa pili. Kwa antena ya ndani ya redio ndogo, ambayo haitofautishi mbele na nyuma, kuelekea kwa taifa na kuelekea kwa jirani ni tendo moja.

Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951 ikiwa kituo kidogo cha mji. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 huduma hiyo ikawekwa moja kwa moja chini ya serikali kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Sauti za Kiswahili zilikuja pia kutoka mbali zaidi: Cairo tangu 1954, Idhaa ya Kiswahili ya BBC ya London tangu tarehe 27 Juni 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani tangu 1963. Kwa nyumba iliyo kwenye milima ya Bugufi, idhaa hizo zilitegemea maumbile ya anga. Mchana, mawimbi ya masafa ya kati husafiri kwa kuambaa ardhini na hufifia kabla ya kumaliza safari ndefu. Usiku, tabaka la juu la anga huyarudisha chini, nayo huweza kufika mamia ya kilomita. Ndiyo sababu usikilizaji wa stesheni za mbali ulikuwa shughuli ya jioni, baada ya kazi za shamba, wakati ambapo jamaa wote wako nyumbani. Saa ya kusikiliza ilipangwa na mawimbi, nayo ikaangukia kwenye saa ya kukaa pamoja.

3.0 Maneno Yaliyoingia na Mtambo

Kabla ya redio kulikuwa na santuri. Neno hili lina asili ya jina la ala ya nyuzi katika Kiarabu na Kiajemi, nalo katika Kiswahili likawa jina la sahani inayotoa muziki. Siti binti Saad aliporekodi nyimbo zake Bombay mwaka 1928, Kiswahili kilikuwa tayari kimeanza kuzungumza kutoka ndani ya kasha. Mawasiliano yasiyotumia waya yaliitwa simu ya upepo, jina lililotungwa kwa kuunganisha kinachojulikana na kinachostaajabisha. Baadaye neno redio likashinda.

Ushindi huo una mpaka wake, na mpaka huo unapita Ngara. Kiswahili kilichukua redio kutokana na matamshi ya Kiingereza. Kinyarwanda na Kirundi vilipokea neno hilohilo kwa njia ya Kifaransa, vikapata radiyo na iradiyo. Chombo kimoja, kilichonunuliwa pengine katika duka moja, kina irabu tofauti kwa kutegemea dola iliyotawala upande ule wa Mto Ruvubu. Mwanafunzi wa isimu anayetaka kuona jinsi ukoloni unavyoweza kukaa ndani ya irabu moja hana haja ya kwenda mbali.

Mfano wa betri unafundisha zaidi. Kiswahili sanifu kilikopa neno la Kiingereza. Kinyarwanda huita betri za redio amabuye, yaani mawe. Kiganda huziita amanda, yaani makaa. Majina haya mawili yametokana na macho ya mtumiaji: kitu kigumu, kizito, chenye kijiti cheusi cha kaboni ndani yake, ambacho hutoa nguvu hadi kikaisha na kutupwa. Katika ukanda huu wa Kagera, ambako njia za biashara za Uganda, Rwanda na pwani zilikutana, kitu kimoja kilikuwa jiwe, kaa na betri.

Istilahi za utangazaji zilifuata njia nyingine tena. Idhaa ilitoka katika Kiarabu. Masafa, neno la umbali wa safari, lilipewa kazi mpya, ndipo tukapata masafa mafupi na masafa ya kati. Kipaza sauti na kinasa sauti viliundwa kwa vitenzi vya Kibantu. Kwa hiyo, msikilizaji wa Biharamulo aliyetafuta stesheni alishughulika, katika sentensi moja, na tabaka tatu za historia ya Kiswahili: redio ya Kiingereza, masafa ya Kiarabu na kipaza cha Kibantu.

4.0 Chumba: Nyasi, Bati na Sebule

Elimu ya sauti za vyumba ilianzia, kwa bahati njema, katika ukumbi wa mihadhara. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilifungua ukumbi ambamo neno la mhadhiri liliendelea kuvuma kwa zaidi ya sekunde 5, hata wanafunzi wasielewe kitu. Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, alipewa kazi ya kutafuta dawa. Usiku, mji ulipotulia, aliingiza matakia ya viti mengi na kuyapunguza kidogo kidogo, huku akipima muda wa mvumo. Aligundua kwamba muda huo hutegemea ukubwa wa chumba na kiasi cha vitu laini vilivyomo. Matakia, mazulia, nguo na miili ya watu humeza sauti; saruji na kioo huirudisha.

Kanuni ya Sabine inapotumiwa kuzipima nyumba za Kagera, matokeo yake yanashangaza. Nyumba ya msonge ya zamani, yenye paa la nyasi lililoshuka hadi karibu na ardhi na nyasi zilizotandikwa sakafuni, ilikuwa chumba kizuri cha kusikilizia. Nyasi humeza sauti kali na kuzuia mwangwi. Paa lenye umbo la pia halina sura mbili bapa zinazotazamana, kwa hiyo sauti haipigwi huku na huku kati ya dari na sakafu. Sauti ya mtu anayesimulia ndani ya msonge hufika sikioni ikiwa kavu na wazi. Nyumba hiyo, ambayo mabwana maendeleo waliihesabu kuwa alama ya kubaki nyuma, iliifaa sauti ya binadamu kuliko nyingi zilizofuata.

Nyumba ya mstatili yenye kuta za tofali, sakafu ya saruji na paa la bati ilileta afya, nafasi na heshima. Ilileta pia vyumba vyenye majina, na kikubwa kati ya hivyo ni sebule. Katika nyumba za mwambao, sebule ilikuwa mahali pa kupokelea wageni. Bara ikawa mahali pa makochi, picha za ukutani, meza na redio. Kinyarwanda kina neno lake kwa chumba hicho, uruganiriro, lililotokana na -ganira, yaani kuzungumza: mahali pa mazungumzo. Lakini saruji tupu hurudisha kila sauti, na mvua inapopiga bati hakuna redio inayosikika. Mkoa wa Kagera una misimu miwili ya mvua kwa mwaka, na mvua ya bati imekatiza taarifa za habari nyingi kuliko uchache wa betri.

Umbo la chumba nalo lina sheria zake. Sauti husafiri hewani takriban mita 340 kwa sekunde. Chumba chenye urefu wa mita 4 huvuma chenyewe kwenye mitetemo ipatayo 43 kwa sekunde. Chenye urefu wa mita 3, kwenye mitetemo ipatayo 57. Chumba cha mraba ndicho kibaya zaidi, kwa sababu pande zake mbili huvuma kwa noti moja, nayo humeza nyingine zote. Mwenye nyumba anayetaka kusikia vizuri anashauriwa, kwa hiyo, ajenge sebule yenye urefu usiolingana na upana, aweke dari chini ya bati, aning'inize mapazia mazito, atandike mkeka au zulia, na aweke kabati la vitabu au la vyombo ukutani ili livunje usawa wa ukuta. Akinamama waliotandaza vitambaa vya kufuma juu ya makochi na meza za sebule zao walifanya hivyo kwa ajili ya unadhifu na heshima. Kwa kadiri ya unene wa vitambaa hivyo, waliutuliza mwangwi pia.

5.0 Kuunda Mtambo

Redio za mwanzo zilitumia vali za kioo, zikahitaji betri kubwa na fedha nyingi. Hatua ya kwanza ya kumfikia mwananchi wa kawaida ilitokea Lusaka mwaka 1949, pale Harry Franklin, ofisa wa habari wa Rhodesia ya Kaskazini, alipoishawishi kampuni ya Ever Ready itengeneze redio rahisi ya betri. Kasha lake la kwanza lilikuwa la sufuria isiyotiwa mpini, na bei yake ilikuwa paundi 5. Hatua ya pili ilikuwa transista, iliyobuniwa Marekani mwaka 1947 na kuanza kuuzwa ndani ya redio ndogo mwaka 1954. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Matsushita ya Japani ilifungua kiwanda Dar es Salaam, na betri na redio zenye jina la National zikaenea nchini. Philips nayo ilikuwa na kiwanda Arusha.

Redio ilipokwisha kufika kijijini, ilianza maisha ya pili mikononi mwa fundi. Kama ilivyokuwa katika sehemu nyingi za Tanzania zisizo na umeme, betri zilizochoka zilianikwa juani ili zipate uhai wa siku mbili tatu, kwa kuwa joto huharakisha kemia ya ndani. Waya wa shaba ulipandishwa juu ya mti kuwa antena. Redio ya gari iliyoondolewa kwenye gari bovu ilifungwa kwenye sanduku la mbao na kuendeshwa kwa betri ya gari ya volti 12, ambayo ilipelekwa mara kwa mara kuchajiwa penye jenereta. Huo ulikuwa mtambo kamili, na fundi aliyeuunda alikuwa mhandisi kwa maana halisi ya neno.

Ufundi huo ulikuwa na msingi wa kisayansi. Spika iliyo uchi hutoa mawimbi mbele na nyuma kwa wakati mmoja, na katika sauti nzito mawimbi hayo hukutana na kuuana. Ndiyo maana spika isiyo na kasha hulia kwa sauti nyembamba. Likijengwa sanduku la mbao nene lisilovuja, mawimbi ya nyuma hufungwa na besi hujitokeza. Seremala anayechonga sanduku hilo anafanya kazi ileile inayofanywa na viwanda vya Ulaya na Japani. Mahali ambapo mbao hazikupatikana, spika iliwekwa mdomoni mwa mtungi au ndoo. Mtungi hukuza sauti kwelikweli, lakini Hermann von Helmholtz, katika kitabu chake cha mwaka 1863, alieleza kwamba chombo chenye tumbo na shingo hupendelea noti moja tu. Kwa hiyo mtungi huimba wimbo wake wenyewe juu ya ule wa redio. Kwa kigezo cha hi-fi hilo ni kosa. Kwa kigezo cha ua lililojaa watu waliotaka kusikia kutoka mbali, ulikuwa msaada mkubwa.

6.0 Kusikilizana kwa Pamoja

Dola ilikitambua chumba hiki na kukitumia. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyoongozwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ilienda kwa muda wa wiki 12 nchi nzima. Watu walikusanyika katika vikundi vidogo, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Washiriki walikadiriwa kufikia milioni 2. Mwaka 1975 ilifuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Utaratibu huo, wa kusikiliza, kusoma, kujadili na kutenda, ulikuwa ndio tafsiri ya kusikilizana kwa maana zake zote mbili.

Katika Ngara na Biharamulo, kampeni hizo zilikuwa pia madarasa ya lugha. Mjadala wa kikundi ungeweza kufanyika kwa Kihangaza au Kishubi, lakini kipindi na kijitabu vilikuwa vya Kiswahili. Maneno kama kipindupindu, mazalia na lishe yalifika yakiwa yamebebwa na sauti ya mtangazaji, na matamshi yake yakawa kielelezo. Mtoto aliyekaa sakafuni alijifunza Kiswahili cha taarifa ya habari kabla hajafundishwa sarufi yake darasani. Tarehe 2 Novemba 1978, Rais Nyerere alipolitangazia taifa kwamba jeshi la Idi Amin lingepigwa, mkoa uliovamiwa, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulisikia habari zake wenyewe kutoka Dar es Salaam na kwa Kiswahili.

Faida ya jambo hilo kwa umoja wa taifa haihitaji kubishaniwa hapa. Gharama yake, hata hivyo, haina budi kutajwa. Baada ya uhuru, Radio Tanzania ilitangaza kwa Kiswahili na, kwa sehemu, kwa Kiingereza. Lugha za makabila hazikupewa nafasi. Hata baada ya sheria ya mwaka 1993 kuruhusu vituo binafsi, kanuni za utangazaji ziliendelea kushikilia lugha hizo mbili. Mzee wa Bushubi aliweza kusikiliza redio kwa miaka 40 bila kusikia lugha ya mama yake ikitoka humo hata mara moja. Katika chumba chake kulikuwa na lugha ya mtambo na lugha ya watu, na watoto walijua ni ipi iliyokuwa na sauti kubwa.

7.0 Kwizera

Kilichotokea baadaye hakikupangwa na mtunga sera yeyote. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa saa 24 hivi. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wamekwisha kuingia baada ya mapinduzi ya Oktoba 1993. Benaco ikageuka mji mkubwa wa turubai katika siku chache. Miongoni mwa waliovuka walikuwamo waliokimbia vita na waliohusika na mauaji.

Redio ilikuwa mojawapo ya sababu za msiba huo. Kituo cha RTLM, kilichoanza Kigali mwezi Julai 1993, kilitumika kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Mwaka 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa Arusha, iliwatia hatiani waasisi wake wawili. Rufaa ya mwaka 2007 ilipunguza adhabu, lakini ikabakiza hatia ya Ferdinand Nahimana ya uchochezi kuhusiana na matangazo hayo. Kesi hiyo ni onyo kwa kila anayedhani kwamba usafi wa sauti ni wema wa sauti. Matangazo ya RTLM yaliwafikia wasikilizaji kwa lugha yao wenyewe, kwa mzaha, kwa muziki na kwa ukaribu wa sebuleni. Ukaribu huo ndio uliokuwa silaha.

Mwaka 1995 Shirika la Kijesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Ngara kituo cha Radio Kwizera. Jina hilo, katika Kirundi na Kinyarwanda, hubeba maana ya kutumaini na kuamini. Kituo kilitangaza kwa Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili. Kilitoa habari za familia zilizopotezana, za afya, za usalama na za kurejea nyumbani, kikajaribu kuijibu sauti ya chuki kwa sauti nyingine. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na Warundi wakabaki kwa miaka mingine kadhaa.

Mawimbi, hata hivyo, hayatambui uzio wa kambi. Wahangaza na Washubi waliifungua redio hiyohiyo majumbani mwao. Kwa mara ya kwanza, mtambo uliokuwa ndani ya mipaka ya Tanzania uliwasemesha kwa lugha iliyokaribia kabisa ile ya jikoni mwao. Lugha hiyo haikuletwa kwa ajili yao. Ililetwa kwa ajili ya wageni, kwa kuwa mkimbizi alitambuliwa kuwa na haki ya kuelewa anachoambiwa. Mwenyeji alipata kuisikia lugha ndugu ya lugha yake hewani kwa fadhila ya msiba wa jirani. Katika historia ya sera ya lugha nchini Tanzania, tukio hili linastahili nafasi kubwa kuliko lililopewa hadi sasa, kwa sababu linaonyesha kwamba suala la lugha ya mtambo halikuwa la kiufundi wala la gharama. Lilikuwa suala la nani anahesabiwa kuwa msikilizaji.

8.0 Sabufa na Neno Lililokataa Kukopwa

Kituo cha umeme cha maporomoko ya Rusumo, chenye uwezo wa megawati 80 zinazogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, kipo sasa karibu na daraja lile lililovukwa mwaka 1994. Umeme na paneli za jua vimeleta katika sebule za wilaya hizi mtambo mpya, nao una jina la Kiswahili lisilo na shaka: sabufa. Kwa asili neno hili lilitaja spika moja tu ya sauti nzito. Katika Kiswahili cha Tanzania limepanua maana na kutaja seti nzima, pamoja na spika zake ndogo, rimoti na tundu la kuchomekea flashi. Sehemu imetoa jina kwa kitu kizima, na sehemu iliyochaguliwa ni ile inayosikika hadi kwa jirani. Lugha imerekodi kile kinachothaminiwa.

Kinyume chake, neno hi-fi halikupata makazi. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini moja inaonekana katika fonolojia yenyewe. Likitamkwa kwa Kiswahili, neno hilo huwa haifai, umbo kanushi la kitenzi -faa. Hakuna mfanyabiashara ambaye angependa kuuza chombo kinachojitangaza kwa jina hilo. Homonimia imezuia ukopaji, jambo ambalo wanafunzi wa leksikolojia huliona kwa nadra likiwa wazi namna hii.

Sabufa ndani ya sebule ndogo ya mraba, yenye saruji tupu, huvuma kwa noti moja na kuzizima konsonanti za mtangazaji. Dawa yake imekwisha kutajwa: mkeka, mapazia, dari, kabati, na kukiondoa kisanduku cha besi kwenye pembe ya chumba. Upande wa pili wa mabadiliko ni simu ya mkononi na visikizi vya masikioni. Hivi vinampa kijana wa Biharamulo usafi wa sauti ambao baba yake hakuupata, lakini vinamwondoa kwenye duara la wasikilizaji. Kusikiliza kumebaki, kusikilizana kumepungua.

9.0 Hitimisho

Historia ya chumba cha kusikilizia cha Ngara na Biharamulo inaonyesha mambo matatu. Kwanza, kuenea kwa Kiswahili bara kulitokana pia na mpangilio wa nyumba, saa ya jioni na umbali wa mawimbi. Pili, msamiati wa mtambo ni kumbukumbu ya kihistoria yenye kuaminika: redio na radiyo, betri na amabuye, masafa na sabufa vinasimulia yale ambayo nyaraka za serikali hazikuyaandika. Tatu, lugha ya nyumbani inaweza kunyamazishwa bila kupigwa marufuku, kwa kukosa tu nafasi katika chombo kilichowekwa mahali pa heshima.

Jambo la tatu lina wajibu ndani yake. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na ramani zake zimetuonyesha lugha zilipo. Ramani haisemi, hata hivyo. Lugha za kundi la Kihangaza na Kishubi hutofautisha maana kwa toni na kwa urefu wa irabu, sifa ambazo tahajia ya kawaida haizionyeshi na ambazo hupotea katika rekodi iliyochukuliwa chini ya bati wakati wa mvua. Mtafiti anayekwenda kumrekodi mzee anahitaji maarifa yaleyale ya mpenzi wa muziki: achague chumba chenye vitu laini, akae mbali na kuta tupu, asogeze kinasa sauti karibu na msemaji, azime jokofu, asubiri mvua ipite. Ikiwa bado kuna nyumba ya nyasi kijijini, aombe ruhusa aingie humo.

Kwa nusu karne, sebule za wilaya hizi zimepokea sauti kutoka Dar es Salaam, London, Cairo na Kigali. Zimekuwa sikivu kwa kiasi cha kutosha. Zamu ya vyumba hivyo kuwa chanzo cha sauti imefika, na wazee wanaoweza kuitoa hawaongezeki.